Chuo Kilichofungwa Mechi 51 Mfululizo

Anayefuata soka anajua timu inavyopanda daraja: inashinda, inamaliza juu ya msimamo, inapandishwa. Hata ikishushwa mwaka unaofuata, hakuna wa kuiambia haikustahili. Mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani hauendi hivyo. Kule timu haipandi kwa sababu imeshinda chochote. Chuo chenyewe, kwa maana ya rais wake na bodi yake, huamua kuhama daraja, hupeleka maombi NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hulipa ada, huonyesha kwamba kina fedha na michezo ya kutosha, kisha huwekwa kwenye miaka ya mpito. Msimu ukianza, wachezaji ni wale wale na ukumbi ni ule ule. Waliobadilika ni wapinzani.

NCAA ina madaraja matatu, na la Kwanza peke yake lina vyuo zaidi ya 350. Kati ya hivyo vyote, cha kufundishia somo hili ni NJIT, taasisi ya teknolojia ya New Jersey, iliyopo mjini Newark. Ni chuo cha wahandisi na watu wa kompyuta. Katikati ya miaka ya 2000 kilitoka Daraja la Pili kwenda la Kwanza. Msimu wa 2006-07 kilishinda mechi 5. Msimu uliofuata kilicheza mechi 29 na kufungwa zote 29; hadi wakati huo hakuna timu ya Daraja la Kwanza iliyokuwa imecheza mechi nyingi kiasi hicho katika msimu mmoja bila kushinda hata moja. Kocha akaachia ngazi. Mrithi wake, Jim Engles, akaanza kwa kufungwa mechi 18. Ukijumlisha na nne za mwisho wa 2006-07, unapata vipigo 51 mfululizo.

Timu ikifungwa hivyo watu husema wachezaji hawajitumi. Nimekaa kwenye benchi na mbele ya video za mechi muda wa kutosha kusema kwamba mara nyingi maelezo hayo ni uvivu wa msemaji. Timu inayopanda daraja hufungwa kwa sababu zinazoonekana, na ya kwanza haipo uwanjani kabisa. Ipo kwenye ratiba.

Vyuo vikubwa hutaka mechi nyingi za nyumbani Novemba na Desemba, ili vipate viingilio na ushindi wa haraka. Kwa hiyo huvilipa vyuo vidogo vije vicheze kwao, bila deni la mechi ya marudiano. Malipo ya mechi moja huwa makumi ya maelfu ya dola, na mengine hukaribia 100,000. Kwa idara ya michezo ya chuo kidogo, fedha hizo ndizo nauli, jezi na mshahara wa kocha msaidizi. Vipigo kadhaa, basi, vimeshauzwa kabla mpira haujarushwa juu. Ukitazama msimamo Desemba na kuona chuo kidogo kina 2-9, yaani ushindi mara mbili na vipigo tisa, uliza kwanza kilicheza wapi.

NJIT ilikuwa na shida nyingine juu ya hiyo. Timu za Daraja la Kwanza zimejigawa katika konferensi, ambazo ni ligi ndani ya ligi, na kuanzia Januari karibu kila mmoja anacheza na wenzake wa konferensi. NJIT haikuwa na konferensi. Januari wenzake wakipambana na timu za saizi yao, yeye anapiga simu kutafuta wa kucheza naye. Si ajabu kwamba mnyororo ulikatikia mikononi mwa mgeni mwenzake: tarehe 21 Januari 2009 NJIT iliifunga Bryant 61-51, na Bryant ilikuwa katika mwaka wake wa kwanza wa mpito. Baada ya shangwe hizo NJIT ilifungwa mechi 12 zote zilizobaki, ikamaliza 1-30.

Sababu ya pili ni wachezaji, na hapa kanuni zilikuwa kali kuliko watu wanavyodhani. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya Daraja la Kwanza iliruhusiwa nafasi 13 za ufadhili kamili wa masomo. Daraja la Pili zilikuwa 10, na kocha aliweza kuzigawa vipande vipande. La Tatu halina hata moja. Chuo kinachopanda kinaanza kikiwa na wachezaji waliosajiliwa kwa hesabu ya zamani, na kujaza nafasi mpya kunachukua miaka, si miezi. Wakati huohuo, timu iliyo kwenye mpito hairuhusiwi kucheza mashindano ya taifa ya Machi, yale ambayo kila kijana wa Marekani anayedunda mpira anayaota. Mpito kutoka Daraja la Pili ulikuwa miaka minne. Kocha anakaa sebuleni na mzazi wa kijana wa miaka 18, anamweleza mazuri yote ya chuo, halafu anaulizwa swali moja tu, na jibu lake ni hapana.

Sasa tuingie uwanjani. Chukua shambulizi la kawaida kabisa. Gadi anadunda mpira upande wa kulia, juu ya mstari wa pointi tatu. Senta wake anakuja kumwekea skrini, yaani anasimama njiani mwa mlinzi. Gadi anaizunguka na kuelekea kikapuni. Mlinzi wa kona ya kushoto analazimika kumwacha mtu wake na kuja kuziba, na gadi anavusha pasi ndefu hadi kona iliyoachwa wazi. Daraja la Pili, mpigaji aliye kwenye kona anaupokea mpira kifuani, anapanga miguu, anatazama ringi, anashuti. Daraja la Kwanza shambulizi ni lile lile na kila mtu yuko pale pale, ila aliyekuja kuziba ana mikono mirefu zaidi kwa kiganja kizima, na kurudi kwake ni hatua mbili badala ya tatu. Gadi anauona ule mkono, anainua pasi kidogo isiguswe. Pasi iliyoinuliwa inachelewa, na haifiki kifuani, inafika juu ya kichwa. Mpigaji anaruka kuidaka, na anapotua mlinzi ameshamfikia usoni. Anashuti kwa pupa, mpira unagonga ukingo wa mbele wa ringi. Karatasi ya takwimu inaandika kosa moja, la mpigaji. Ukweli ni kwamba shambulizi lilikufa sekunde mbili kabla, pale gadi alipoinua mkono wake.

Watanzania wanamkumbuka Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye sentimita 221, aliyechezea Connecticut kabla ya Memphis Grizzlies kumchukua wa pili katika drafti ya NBA ya 2009. Takwimu zilihesabu mitupo aliyoizuia. Hazikuhesabu magadi waliofika karibu naye, wakaghairi, wakaurudisha mpira nje. Chuo kidogo kikipanda, hicho kisichohesabiwa ndicho kinachokimaliza.

Dean Oliver, katika kitabu chake cha 2004, Basketball on Paper, aliipanga mechi katika mambo manne: ubora wa mitupo, kupoteza mpira, ribaundi za kushambulia, na mitupo huru. Timu iliyopanda daraja kwa kawaida huzidiwa katika yote manne. Kosa la kocha mgeni ni kutaka kuyarekebisha yote kwa pamoja. Kazi yake ni kuchagua lipi aliachie. Wengi huziachia ribaundi za kushambulia: mtupo ukitoka, watu wanne wanakimbia kurudi kulinda. Naona ni uamuzi sahihi. Kugombea mpira chini ya ringi na watu waliokuzidi kimo na kilo ni kujitakia mashambulizi ya kushtukiza.

Ushauri unaotolewa sana ni kupunguza kasi ya mchezo. Una mantiki. Timu inayozidiwa pointi 0.2 kwa kila zamu ya kushambulia itakuwa nyuma kwa pointi 15 baada ya zamu 75, lakini kwa pointi 12 tu zikiwa zamu 60, na zamu zikipungua bahati hupata sauti kubwa zaidi. Ila nafuu yake ni ndogo kuliko sifa zake. Timu dhaifu ikishikilia mpira hadi mwisho wa saa ya kushambulia, inajikuta inashuti zikiwa zimebaki sekunde tatu, mkono wa mtu ukiwa mbele ya macho.

Dawa yenye nguvu zaidi ni mtupo wa pointi tatu, na sababu si ile inayosemwa. Mtupo wa pointi mbili unaoingia nusu ya mara na wa pointi tatu unaoingia theluthi ya mara ina wastani mmoja: pointi 1 kwa kila mtupo. Ukipiga 20 ya aina yoyote kati ya hizo, tarajia pointi 20. Tofauti iko kwenye kuyumba. Mitupo 20 ya pointi mbili huyumba juu au chini ya wastani kwa pointi kama nne na nusu. Ile ya pointi tatu huyumba kwa zaidi ya sita. Timu bora haipendi kuyumba, kwa sababu wastani unaibeba. Timu dhaifu inahitaji kuyumba, maana wastani umeshaihukumu. Kuna usiku itapigwa kwa pointi 40 kwa sababu hiyo hiyo, na kocha lazima awe na kifua cha kuvumilia.

Tarehe 6 Desemba 2014 NJIT ilisafiri hadi Ann Arbor kucheza na Michigan, timu iliyokuwa kwenye orodha ya 25 bora nchini na iliyocheza fainali ya taifa mwaka 2013. NJIT wakati huo ilikuwa timu pekee ya Daraja la Kwanza isiyo na konferensi. Ilipiga mitupo 17 ya pointi tatu, ikaingiza 11. Winfield Willis alifunga pointi 32, Damon Lynn 20, na mechi ikaisha 72-70. Wangefunga kwa kiwango chao cha kawaida usiku ule, wangerudi Newark na hundi na kipigo. Lakini bahati ilimkuta aliyejiandaa: gadi wawili wanaoweza kushuti wakiwa wamekabwa huwapati kwa bahati. Msimu huo NJIT ilimaliza 21-12, ikafika nusu fainali ya CIT, shindano dogo la baada ya msimu, na mwaka 2015 ikapata konferensi ya Atlantic Sun. Tangu 0-29 ilikuwa imepita misimu saba.

Kuna waliofanya haraka zaidi. Merrimack, chuo cha Massachusetts, kilipanda mwaka 2019 na kikaongoza msimamo wa konferensi yake ya NEC mwaka ule ule wa kwanza. Kocha Joe Gallo hakujaribu kumkaba mtu kwa mtu. Alicheza zoni ya 2-3: wawili mbele, watatu nyuma, kila mmoja analinda eneo. Zoni inamficha mlinzi mfupi, na zaidi ya hapo inageuza tatizo lile la kona. Sasa ni mpinzani mkubwa anayelazimika kuvusha pasi ndefu juu ya mikono, na pasi zinazochelewa ni zake. Gadi wa Merrimack, Juvaris Hayes, alimaliza chuo akiwa amenyang'anya mipira 457, rekodi ya madaraja yote ya NCAA.

Machi 2023 Merrimack ilishinda fainali ya NEC kwa 67-66. Kwa kuwa mpito wake ulikuwa haujaisha, tiketi ya mashindano ya taifa ikaenda kwa waliofungwa, Fairleigh Dickinson. Hao nao msimu uliotangulia walikuwa 4-22. Walimwajiri Tobin Anderson kutoka chuo cha Daraja la Pili, St. Thomas Aquinas, naye akaja na wachezaji wake watatu wa huko, mmoja wao Demetre Roberts mwenye sentimita 173. Tarehe 17 Machi timu hiyo iliifunga Purdue, yenye Zach Edey wa sentimita 224, kwa 63-58. Purdue iliingiza mitupo 5 tu kati ya 26 ya pointi tatu. Fairleigh Dickinson walikaba uwanja mzima, wakamzunguka Edey watu wawili hadi watatu, wakawaachia wenzake washuti kutoka mbali. Tena ni kuchagua cha kuachia.

Si kila chuo kinafika. Savannah State cha Georgia kilipanda mwaka 2002, kikamaliza msimu wa 2004-05 kwa 0-28, mwaka 2012 kikaongoza konferensi yake, na bado mwaka 2019 kikarudi Daraja la Pili. Kushinda uwanjani na kumudu gharama za daraja ni mambo mawili.

Januari 2025 NCAA ilikubali kupunguza mpito wa kutoka Daraja la Pili hadi miaka mitatu, kwa chuo kinachotimiza masharti. Mwaka mmoja unaonekana mdogo. Lakini chini ya kanuni ya zamani, kijana aliyejiunga mwaka wa kwanza wa mpito na kucheza misimu minne mfululizo alimaliza chuo bila kuruhusiwa kuikanyaga Machi. Sasa anaufikia mwaka wake wa nne mlango ukiwa wazi, na kocha aliyeketi pale sebuleni ana jibu jingine la kutoa.