Kabla Injini ya Trekta Kuukuu Haijashushwa

Trekta aina ya Massey Ferguson 135 ilianza kutoka kiwandani katikati ya miaka ya 1960, ikiwa na injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu. Trekta za rika hilo zingalipo katika tambarare za Mabogini, Chekereni na Kahe, chini ya mji wa Moshi, na mara nyingi mwenye nayo hulima pia mashamba ya majirani kwa malipo. Inapozima msimu wa kulima, hana nafasi ya kusubiri. Ndipo anapokubali neno la kwanza la fundi: injini ishushwe, ibadilishwe pistoni, ringi na silivu. Kwa maoni yetu, neno hilo lapaswa kuwa la mwisho.

Trekta ikivuta jembe vizuri kwa muda, ikapoteza nguvu na kuzima, kisha ikawaka tena baada ya kupumzishwa, shuku kwanza njia ya mafuta. Legeza kifuniko cha tangi. Tundu lake dogo la kupitishia hewa likiziba, mafuta hayashuki ipasavyo. Halafu legeza skrubu ya kutolea upepo juu ya chujio la dizeli, na upige kwa mkono wenzo wa pampu ndogo ya mafuta. (Wenzo ukilegea usiihukumu pampu upesi: huenda imesimamia jino la kamshafti, nawe zungusha injini kidogo ujaribu tena.) Mapovu yasiyokwisha yanaonesha kuwa upepo unaingia kwenye maungio au washa chakavu. Mafuta yakidodoka tu, kuna mahali pameziba. Yote haya ni kazi ya spana mbili na saa moja.

Injini ikiwa inakosa silinda moja, fundi ailegeze nati ya bomba la kila nozo, moja baada ya nyingine, injini ikinguruma polepole. Silinda ambayo nati yake ikilegezwa mlio haubadiliki ndiyo yenye kasoro. Viganja vikae mbali, maana dizeli yenye shinikizo hupenya ngozi. Nozo hiyo ihamishiwe silinda nyingine: kasoro ikiifuata, tengeneza nozo, ikibaki palepale, tatizo liko kwenye valvu au kompresheni. Mwenye trekta awepo na ashuhudie.

Moshi nao husomwa kwa uangalifu. Moshi mweusi mara nyingi hutokana na chujio la hewa lililojaa vumbi, na trekta iliyopandishwa kulima Ngarenairobi, ambako hewa ni nyepesi, yaweza kutoa moshi mweusi kiasi bila kuwa mbovu. Moshi wa buluu usiokoma, oili inayopungua na pumzi nzito kwenye tundu la kujazia oili, hivyo ndivyo vinavyohalalisha kufungua injini, na hata hapo kompresheni ipimwe kwa geji kwanza.

Pampu ya nozo hulainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huila pampu hiyo kimyakimya. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa tamaa hiyo, lakini mlaji anayenunua dizeli ya madumu kando ya barabara bado hajui anachomimina. Nunua kituoni na utunze risiti.

Fundi akisema kipuri kimekufa, akuoneshe na akukabidhi. Ni mali yako. Bei ya kazi na ya vipuri iandikwe kabla ya spana ya kwanza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza kuuza bidhaa bandia kwa jina la halisi. Ukileta malalamiko, njoo na risiti, kipuri kilichotolewa, kile kilichowekwa na boksi lake. Boksi hasa ndilo ambalo wengi hulichomea moto palepale gereji.