Pesa za Kikundi Zisikwame Kwenye Laini ya Mtu Mmoja

Tuseme mko watu kumi na watano pale Runyenjes, Embu. Kila mwezi mnachanga mia mbili mbili kulipia karo watoto waliofiwa na wazazi. Pesa zinatumwa kwa laini ya mweka hazina, kwa sababu ni mwaminifu na kila mtu anamjua. Halafu mweka hazina anaaga ghafla. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na karo iko kwenye laini yenye jina lake. Hata mkituletea daftari la michango, kwetu mwenye pesa ni aliyesajili laini. Itabidi msubiri warithi wake na karatasi za urithi.

Hapo hakuna mwizi. Kilichokosekana ni jina la kikundi kwenye sheria. Hebu tuangalie njia zilizopo Kenya.

Kikundi cha jamii. Kinasajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022, kupitia ofisi ya Maendeleo ya Jamii iliyo karibu nanyi. Mnahitaji watu wasiopungua kumi, katiba na viongozi waliochaguliwa. Kwa wengi wenu kule Nkubu, Maua au Siakago, hii inatosha.

Chama cha kawaida. Hiki husajiliwa na Msajili wa Vyama, pia kuanzia watu kumi. Shida yake ni mali: shamba haliandikwi kwa jina la chama chenyewe, bali la watu wanaolishika kwa niaba yenu.

Kampuni isiyo na hisa, ya dhamana. Inasajiliwa kupitia eCitizen. Inaweza kumiliki ardhi kwa jina lake na kushtaki mahakamani. Lakini ina kazi ya karatasi kila mwaka, kwa hivyo msiikimbilie kama kazi yenu ni karo tu.

Shirika la manufaa ya umma. Sheria yake ni ya 2013, ila ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, ikachukua nafasi ya ile ya NGO ya 1990. Inawafaa wanaotafuta wafadhili wakubwa na kufanya kazi kaunti nyingi.

Je, mchague ipi? Jiulizeni maswali matatu. Tutamiliki ardhi au jengo? Tutaomba pesa nje ya jamii yetu? Nani atajaza fomu kila mwaka? Kama majibu ni hapana, hapana na "hatujui", anzeni na kikundi cha jamii. Mkikua, mtabadilisha.

Mkishapata cheti, fungueni akaunti au namba ya malipo kwa jina la kikundi, na watoaji pesa wawe zaidi ya mmoja. PIN isiwe ya mtu mmoja, na taarifa ya akaunti isomwe kila mkutano.

Mweka hazina wenu naye atalala usingizi. Mzigo wa pesa za watu si mwepesi.