Nani Atashika Lango la Nzaui?

Jumamosi alfajiri, matatu za kukodi huondoka Nairobi zikiwa zimejaa watu waliovalia viatu vya kupandia milima. Wamepangana kwenye makundi ya WhatsApp, nauli na ada wamelipa kwa M-Pesa, na wengi wanaelekea Aberdare, Ngong au Ol Donyo Sabuk. Wachache sana huacha barabara ya Mombasa pale Emali wakashika njia ya Ukia hadi Matiliku, soko lililo karibu na kilima cha Nzaui, kaunti ya Makueni.

Si kwamba Nzaui haina cha kuuza. Kuna msitu, kuna mwinuko wa kutoa jasho, na kuna hadithi. Wakamba husimulia kwamba hapo ndipo Mulungu alipowashusha wazazi wao wa kwanza, na nyayo zao huonyeshwa juu ya mwamba. Desemba 1895, Peter Cameron Scott alifungua hapo kituo cha kwanza cha misheni ya Africa Inland. Mwaka mmoja baadaye alikuwa amefariki.

Kinachopungua ni maji. Mito mingi ya Makueni ni ya msimu, na vijito vya milimani hutiririka mvua inyeshapo, kisha hunyamaza. Anayetaka maporomoko ya mwaka mzima ataenda Nyahururu, ambako Ewaso Narok huanguka mita 74.

Lakini maji peke yake hayajazi mfuko. Msitu wa Karura, Nairobi, una poromoko dogo tu, na bado wageni hulipa langoni kila siku. Ni msitu wa hekta zaidi ya 1,000, uliotangazwa rasmi mwaka 1932 na kuokolewa na Wangari Maathai na wenzake kutoka mikononi mwa wanyakuzi mwaka 1999. Kilichougeuza biashara ni ua, walinzi, vijia vyenye alama na ubia kati ya Huduma ya Misitu (KFS) na chama cha jamii, Friends of Karura. Mwaka 2025, KFS ilipotaka ada zote zipitie eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali, mvutano ulifika mahakamani. Pasipo na pesa, watu hawashtakiani.

Materuni, juu ya Moshi nchini Tanzania, mambo ni tofauti kidogo. Mgeni hutembea kati ya migomba na mibuni hadi kwenye poromoko la mita zipatazo 80, kisha hutwanga na kukaanga kahawa kwenye boma la Wachaga. Kiongozi wa njia, mwenye shamba, mpishi: kila mmoja ana chake.

Hapo Matiliku ina la kuiga. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaruhusu vyama vya jamii kuingia mkataba na KFS, na treni ya kati ya kaunti husimama Emali. Bodaboda, muthokoi wa mchana, asali na kijana anayejua njia vyote vinapatikana. Bei moja inayovijumlisha ndiyo inayokosekana.

Msimu nao si adui kama unavyodhaniwa. Mvua kubwa ya Ukambani hunyesha Oktoba hadi Desemba, vijito vikijaa, na maembe ya Makueni huanza kuiva mwishoni mwa kipindi hicho. Wakati huo mkulima huyauza kwa bei ya kutupa kwa madalali wanaofika na malori, ilhali mgeni kutoka Nairobi, akiwa ameshuka mlimani na njaa yake, angenunua moja moja.