Kiwanja kimoja, wanunuzi watatu: utapeli wa ardhi ulianzia wapi na unakwepwaje

Video inaingia WhatsApp alfajiri, mtu anajiandaa kwenda kazini Houston. Dar es Salaam ni alasiri, jua kali, na dalali anatembea kwenye nyasi huku akihema: "Bosi, hii ndiyo saiti. Umeme ule pale, lami mita mia tatu tu. Kuna mama mmoja wa Uingereza naye anakitaka, kesho anatuma hela." Kamera inazunguka: mkorosho, njia ya vumbi, msingi wa jirani.

Kila kitu kinaonekana hapo isipokuwa kile kinachouzwa. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuimiliki na kuitumia kwa masharti na kwa muda maalumu, miaka 33, 66 au 99, na haki haipigwi picha. Matapeli wengi wa viwanja hawakuonyeshi ardhi ya uongo. Wanakuonyesha ardhi ya kweli, wanakuuzia haki ambayo hawana. Kwa nini jambo hili ni rahisi hivyo kwetu? Jibu liko kwenye historia.

Ardhi tupu ilikuwa haina bei

Mwaka 1895 Mjerumani alitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Mwingereza naye, kwa sheria yake ya 1923, akaiweka ardhi ya Tanganyika chini ya Gavana, na mtu akabaki na haki ya kuikalia. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umiliki wa kudumu aliouacha mkoloni ukafutwa. Gavana aliondoka, lakini mfumo wenyewe haukubadilika sana.

Katika mfumo huo, ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na thamani. Chenye bei kilikuwa kile ulichokiweka juu yake: nyumba, kisima, minazi, mikorosho. Watu waliuziana hivyo hivyo. Mtu akitaka kuuza eneo, kwenye karatasi alikuwa anauza minazi sita na msingi wa nyumba. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu wakahamishwa, mashamba yao wakapewa wengine, na baadaye baadhi ya wenyewe wakarudi kudai. Eneo moja likawa na wenyewe wawili, na kila mmoja ana wazee wa kumshuhudia.

Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995, iliyokuja baada ya Tume ya Profesa Issa Shivji kuzunguka nchi kusikiliza wananchi, ilikubali kwamba ardhi ina thamani. Zikafuata Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Hata hapo, kuuza ardhi isiyoendelezwa kuliendelea kuwa na vikwazo mpaka marekebisho ya 2004 yalipolegeza kamba.

Kwa hiyo soko la ardhi tupu lilikuwepo muda mrefu kabla sheria haijalitambua. Miaka yote hiyo lilijitengenezea utaratibu wake bila daftari la serikali: mashahidi, mjumbe na muhuri. Utaratibu huo ulitosha kijijini na mitaani, ambako muuzaji, mnunuzi na jirani walijuana kwa majina ya babu zao. Sasa mnunuzi yuko Reading au Muscat, na shahidi ni mtu asiyemjua kabisa.

Karatasi ya steshenari

Chukua mkataba wa kawaida wa pembezoni mwa Dar, tuseme Chanika au Chamazi. Ni karatasi moja iliyochapwa steshenari. Inasema: mimi fulani, kwa akili timamu, nimemuuzia fulani eneo la hatua 20 kwa 25, kaskazini limepakana na Mzee fulani, mashariki ni njia, magharibi ni shamba la Mama fulani. Chini kuna saini, dole gumba, mashahidi wawili wawili, na muhuri wa serikali ya mtaa.

Sasa tafuta kisichokuwepo. Hakuna namba ya kiwanja wala ya kitalu. Hakuna ramani ya upimaji. Mzee fulani akifa au akiuza, mpaka wa kaskazini umekufa naye. Na hatua ni za nani? Mitaani ekari moja huhesabiwa kuwa hatua 70 kwa 70, wakati ekari halisi ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye upande wa mita 64 hivi. Mwenye miguu mifupi akipima, ekari yako inapungua.

Kubwa kuliko yote, karatasi hiyo haijaingia kwenye sajili yoyote. Muuzaji akichapa nyingine wiki ijayo, kwa mashahidi wengine, hakuna mfumo utakaopiga kelele. Hivyo ndivyo kiwanja kimoja kinavyopata wanunuzi watatu, kila mmoja na mkataba wenye muhuri. Muhuri wenyewe hauhamishi milki. Unaonyesha tu kwamba watu walifika mbele ya kiongozi wakasaini. Na kwa kuwa mitaa mingi imezoea kudai asilimia fulani ya bei ili muhuri ugongwe, anayetakiwa kukulinda naye anataka biashara ifanyike.

Viwanja vinavyouzwa kwa awamu na kampuni vina sura nadhifu zaidi: kuna ofisi, fulana na risiti. Lakini swali ni lile lile. Je, kampuni ina hati ya shamba zima? Je, ugawaji wa viwanja umeidhinishwa, na ramani ya upimaji imesajiliwa? Kama sivyo, ulichonunua ni ahadi, na karatasi yako ina nguvu kama ile ya steshenari.

Swali la kwanza: hii ni ardhi ya namna gani?

Sheria inagawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya hifadhi, ardhi ya vijiji na ardhi ya jumla. Kila kundi lina mtego wake.

Ardhi ya hifadhi si mbuga za wanyama tu. Humo kuna misitu, kingo za mito, fukwe na maeneo ya barabara. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au ukingo wa mto, kwa hiyo tangazo la "kiwanja kinachogusa maji" linapaswa kukutia wasiwasi. Kule Kisarawe na Chanika watu wamewahi kuuziwa maeneo ndani ya msitu wa hifadhi wa Pugu-Kazimzumbwi na kuondolewa. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa maelezo kwamba zimo kwenye hifadhi ya Barabara ya Morogoro, zikiwemo za watu waliokaa hapo miaka mingi. Kabla ya kuuliza bei, uliza kwenye mchoro wa mipango miji eneo hilo limepangiwa nini: makazi, shule, makaburi au barabara.

Ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji. Mwanakijiji hawezi kukuuzia kimya kimya, wewe uliyetoka nje, bila kibali cha halmashauri hiyo. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1985 kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini ya kijiji ni batili, na imeendelea kusema hivyo. Barua ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Omba muhtasari wa kikao wenye tarehe, mahudhurio na saini za wajumbe. Ekari 30 za bei poa Mkuranga, Bagamoyo au Handeni zinaanguka mara nyingi kwenye kipengele hiki.

Ardhi ya jumla, hasa mijini, ndiyo yenye hati za kawaida. Huko fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa husika. Upekuzi unakuonyesha jina la mmiliki, mkopo wa benki uliowekwa juu ya hati, na zuio kama lipo. Kiwanja kikiwa kimepimwa lakini hakina hati, kathibitishe halmashauri kwamba namba ya kiwanja na ya kitalu ziko kwenye ramani iliyoidhinishwa, kisha mpima alinganishe na bikoni zilizopo ardhini. Jambo moja tu: anayekwenda kufanya upekuzi awe mtu wako, asiwe dalali wala muuzaji. Na urudiwe siku ya malipo, kwa sababu zuio huweza kuingia katikati.

Uzito wa hati mahakamani si wa mchezo. Watu wawili wakigombea eneo moja, mwenye hati ndiye anayechukuliwa kuwa mmiliki halali mpaka ithibitishwe kwamba aliipata isivyo halali. Ukiwa na karatasi ya mauziano na mwenzako ana hati, wewe ndiye unayepanda mlima.

Swali la pili: huyu anayeuza ni nani?

Jina kwenye hati lilingane na kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki inayopokea fedha. Vitatu hivyo visipofanana, simama. Ujumbe wa matapeli wa simu, "Ile hela tuma kwenye namba hii", umeshatufundisha vya kutosha.

Kama mmiliki amefariki, watoto hawana mamlaka ya kuuza kwa kuwa tu ni watoto. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama; kwa Mahakama ya Mwanzo utaonyeshwa Fomu Namba 4. Isome namba ya shauri, mtume wakili akaithibitishe mahakamani, kisha uliza warithi wengine kama wanajua. Kama eneo lina nyumba ya familia, ridhaa ya mwenza ni takwa la sheria.

Wakili naye mhakiki. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili ambamo jina lake linaonekana pamoja na hali ya leseni yake. Wakili aliyeletwa na dalali ni wa dalali.

Fedha zipite benki, na sehemu kubwa ibaki kwa wakili wako mpaka nyaraka za uhamisho wa milki zipokelewe. Na usiandike bei ya uongo mkatabani ili kukwepa kodi na ushuru wa stempu. Siku ukidai kurudishiwa, utadai kile kilichoandikwa.

Wewe mwenye kiwanja nawe umo hatarini

Tunazungumza sana juu ya wanunuzi, lakini tapeli huhitaji kiwanja ambacho mwenyewe hayupo. Kiwanja chako kilichoota nyasi ndicho bidhaa yake.

Masharti ya hati hukutaka uendeleze kiwanja, kwa kawaida ndani ya miezi 36. Ukikiacha, na kodi ya pango la ardhi hulipi, unajiweka kwenye hatari ya kubatilishiwa milki na kiwanja kugawiwa mwingine. Kesi ya kurudisha ardhi nayo ina ukomo wa miaka 12. Mvamizi akikaa humo muda wote huo nawe kimya, madai yako yamepitwa na wakati. Lipa kodi ya pango kila mwaka kwa namba ya malipo ya serikali, risiti ije kwenye barua pepe yako mwenyewe. Zungushia hata michongoma. Fanya upekuzi wa kiwanja chako mara kwa mara, na ukisikia harufu ya mchezo, weka zuio kwa Msajili wa Hati.

Ukiuza ukiwa mbali, hatari kubwa ni hati ya uwakilishi unayompa ndugu. Iandikwe kwa kiwanja kimoja kwa namba yake, itaje bei ya chini kabisa, iwe na mwisho, na fedha ziingie kwenye akaunti yako. Hati inayosema "afanye lolote kwa niaba yangu" itafanya lolote kweli. Hati asili ya kiwanja isitoke mikononi mwa wakili wako eti mnunuzi "akaihakiki". Uhakiki hufanyika kwa nakala na kwa Msajili, na hati asili inaweza kurudi ikiwa bandia.

Suala la uraia

Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima. Aliyechukua pasipoti ya Marekani au Uingereza ni mgeni mbele ya Sheria ya Ardhi, na mgeni hamiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kwa taratibu zake. Ndiyo maana wengi hununua kwa jina la kaka au mama mdogo. Kisheria mwenye jina ndiye mwenye mali, na akifa, kiwanja kinaingia kwenye mirathi yake. Mabadiliko ya sheria ya 2025 yameleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia mwingine, na yamegusa haki zao katika ardhi. Ulizeni ubalozi na wakili masharti yake kabla ya kuandikisha mali kwa jina la mtu mwingine.

Kama umeshatapeliwa, polisi watafungua kesi ya kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, lakini kifungo cha tapeli hakikupi kiwanja. Dai la ardhi lina njia yake kupitia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu, na tangu 2021 baraza la kata linabaki na usuluhishi tu.

Kwa hiyo, ndugu zangu mlioko ughaibuni, yule mama wa Uingereza mwacheni anunue. Gharama ya wakili, mpima na upekuzi ni ndogo mbele ya bei ya kiwanja, na muuzaji wa kweli hatakasirika ukimwomba wiki mbili za kuhakiki. Anayekataa kusubiri ameshakujibu. Hela yako ibaki benki.