Kuchagua Gasketi za Mtambo wa Dizeli ya Mawese

Wakulima wa Kasulu na Kibondo wenye mashine za kusaga na pampu za maji hununua dizeli kwa bei kubwa, huku wakiona madebe ya mawese yakiletwa sokoni kutoka mabonde ya upande wa ziwa. Si ajabu basi kwamba wapo wanaojaribu kugeuza mawese yawe dizeli nyumbani. Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1937 Mbelgiji aitwaye G. Chavanne, wa Chuo Kikuu cha Brussels, alipata hati ya uvumbuzi ya kugeuza mafuta ya mimea yafae kwa injini, na mwaka 1938 basi la abiria liliendeshwa kwa mawese ya Kongo yaliyogeuzwa hivyo, kati ya Brussels na Louvain.

Makala haya hayafundishi upishi wa dizeli hiyo. Yanaeleza kitu kidogo ambacho wengi hawakijali mpaka kimewaletea hasara: gasketi, yaani kile kipande cha mpira au karatasi kinachowekwa kwenye maungio ya bomba, koki na vifuniko ili kuzuia kuvuja. Wengine hukata gasketi kutoka tyubu ya baiskeli au soli ya kandambili. Kwa maji kipande hicho hufaa. Kwa mtambo huu hakifai hata kidogo, na yafaa ujue sababu yake.

Mpira wa tyubu hunywa mafuta. Ukiutumbukiza katika mawese, huvimba, hulegea, kisha hupoteza nguvu ya kusukumana na chuma. Maungio yaliyokuwa makavu siku ya kwanza huanza kutoa jasho baada ya siku chache. Fundi hukaza bolti. Mpira uliolegea hutoka pembeni kama ugali ulioshindiliwa, na uvujaji huzidi. Katika pipa la mawese matupu hasara ni mafuta yaliyomwagika. Katika pipa la kuchanganyia, hasara yaweza kuwa nyumba nzima.

Kumbuka kwamba mtambo huu hauna kimiminika cha namna moja. Zimo namna tatu, na kila moja ina adui yake.

Kwanza ni mawese yenyewe, mabichi au yaliyopashwa moto. Hapa gasketi ya nitrili yatosha. Nitrili ni mpira mweusi uliotengenezwa kustahimili mafuta, na oili sili nyingi za magari hufanywa kwa mpira huo. Ukienda dukani usiulize tu “mpira mweusi”, maana weusi si dalili ya kitu. Uliza mpira wa mafuta wa nitrili, nawe upime mwenyewe kwa njia nitakayoeleza.

Pili ni mchanganyiko wa methanoli na kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni. Huu ndio mkali kuliko yote. Methanoli huchemka kwenye digrii 65, na mvuke wake hushika moto upesi. Tena mwali wake mchana hauonekani vizuri, hata mtu aweza kuungua kabla hajauona. Kuinywa ni sumu: vijiko viwili vya chai vyaweza kupofusha macho, na ikizidi huua. Haina rangi, na harufu yake ni kama ya pombe, kwa hiyo isiwekwe kamwe katika chupa ya kinywaji. Kostiki nayo hula ngozi na macho. Ikikurukia, nawa kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua robo saa, kisha uende hospitali.

Kwa sehemu hii chagua Teflon. Ni kitu cheupe, chenye utelezi kama nta, na ndicho kinachotumika katika ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Methanoli haikiwezi, kostiki haikiwezi, wala mafuta. Ila kina tabia moja mbaya: kikibanwa sana hutambaa polepole na kuwa chembamba. Kwa hiyo kaza bolti kwa kupishana, hii na ile inayoikabili, kidogo kidogo, kisha uzikaze tena kesho yake mtambo ukiwa umepoa na ni mtupu. Mafundi wengine husifu gasketi za Viton, na kweli ni ghali na ni nzuri, lakini si mahali hapa. Viton ya kawaida huvimba vibaya katika methanoli, na kostiki huiharibu. Mpira wa rejeta ya gari, kwa upande wake, mara nyingi huvumilia methanoli na kostiki, lakini mafuta huumaliza. Na katika pipa la kuchanganyia vyote vimo pamoja.

Hapa sina budi kukuonya. Gasketi nzuri isikufanye ulifunge pipa lote kama chungu cha mganga. Mchanganyiko ukipata joto mvuke hutanuka, na pipa lisilo na njia ya kupumua hupasuka. Lazima pawe na bomba la kupumulia linalotoa mvuke nje, mbali na jiko na sigara. Wala usitumie sufuria ya alumini: kostiki huila, na katika kuila hutoa gesi inayowaka. Tumia chuma. Kwa maoni yangu, asiye na banda la peke yake mbali na nyumba ya kulala, asiye na miwani ya kukinga macho na glavu, aache kazi hii na auze mawese yake kwa chakula na sabuni. Hesabu ya fedha mara nyingi humwelekeza huko huko.

Tatu ni dizeli iliyokwisha kuoshwa na kukauka. Hapa ndipo Viton inapostahili bei yake, hasa katika pampu ya injini na maungio ya moto. Nitrili hustahimili kwa muda, kisha huvimba au hukakamaa, kwa hiyo ukiitumia ikague mara kwa mara. Ukichanganya lita 1 ya dizeli ya mawese na lita 4 za dizeli ya kawaida, taabu ya mipira hupungua sana. Epuka koki za shaba na matangi ya mabati, kwani shaba na zinki huharakisha mafuta haya kuchacha.

Upande wa mafuta kuvutwa kuelekea injini una hila yake. Pale gasketi mbovu haidondoshi kitu; huingiza hewa. Injini hupanda na kushuka, huzimika, na mwenye nayo hulaumu nozeli. Huku kwetu milimani shida hiyo huzidi Juni na Julai, maana dizeli ya mawese huanza kuganda kwenye digrii 15 hivi, na usiku hufika hapo. Filta ikizibwa na ute huo, pampu huvuta kwa nguvu zaidi, na hewa hupenya kwenye kila ungio legevu. Tena dizeli hii huosha masizi ya zamani ndani ya tangi. Kwa hiyo weka filta ya akiba kabla hujaanza kuitumia.

Sasa kipimo. Kata ukanda wa mpira wenye urefu wa milimita 100 kamili, uutie katika chupa ya kioo yenye kimiminika utakachokitumia, ufunike, uache siku 7. Chupa yenye methanoli ikae nje kivulini, mbali na moto na watoto. Kisha toa ukanda kwa koleo na upime. Ukizidi milimita 105, ukatae. Ubonyeze kwa kucha: shimo lisiporudi, ukatae. Ukiupinda ukaonyesha nyufa, au kimiminika kimegeuka rangi, ukatae pia. Fanya hivyo kwa kila kimiminika peke yake. Mpira uliofaulu katika mawese haujafaulu kwingine.

Usikate wala kukwangua gasketi za zamani za asibesto, kwa maana vumbi lake hudhuru mapafu. Unene wa milimita 2 hutosha kwa maungio mengi, mradi nyuso za chuma ni safi na zimenyooka. Gasketi za akiba zitunze gizani, zisipigwe jua, na uandike juu ya kila bahasha: mawese, methanoli, au dizeli.