Uendeshe Mwenyewe au Uendeshwe? Kabla ya Kuingia Makorongo ya Natron

Kiangazi kinapoingia, kuanzia Juni hadi Oktoba, gereji za hapa Elerai, Arusha, hujaa magari ya aina mbili. Kuna Land Cruiser za kampuni za utalii, ndefu, zenye paa la kunyanyuka, zinazoletwa kubadilishiwa springi na shokapu kabla wageni hawajatua. Na siku hizi kuna magari ya watu binafsi, Prado, RAV4, hata Noah, yanayofika Ijumaa jioni na mwenye gari akamwambia fundi: "Niangalizie haraka, kesho asubuhi tunaenda Natron."

Hawa wa pili wananifurahisha sana. Kwa miaka mingi nchi iliyo nyuma ya Monduli iliuzwa kwa wageni wa mbali, wenyeji tukaishia kuiona kwenye kalenda. Sasa walimu, wafanyakazi wa benki na vikundi vya kwaya wanachanga pesa zao na kwenda. Ila swali lao la kwanza, kama wakodi gari pamoja na dereva mwongozaji au waendeshe wenyewe, wengi hulijibu kwa kulinganisha bei peke yake. Naandika kuwaomba waliangalie upya. Mfuko una nafasi yake, lakini kinachoamua ni njia yenyewe, pamoja na kile mtakachokwenda kufanya mkishafika.

Tuanze na njia. Kutoka Arusha hadi Makuyuni, kisha Mto wa Mbu, ni lami tupu, na mtu yeyote mwenye leseni na subira ya kuheshimu kilomita 50 kwa saa vijijini anafika salama. Ukifika Mto wa Mbu unageuka kaskazini. Ukuta wa Bonde la Ufa unabaki kushoto kwako, unapita Selela na Engaruka, halafu unaingia kwenye tambarare za majivu chini ya mlima Kerimasi na Ol Doinyo Lengai hadi kijiji cha Engare Sero, kando ya Ziwa Natron. Kipande hiki kinazidi kidogo kilomita 100, lakini wakati wa kiangazi hesabu saa tatu hadi nne. Masika usihesabu kabisa.

Kinachokula muda ni makorongo. Mvua inayonyesha juu kwenye nyanda za Ngorongoro inatafuta pa kushukia, na kila njia inayoipata ukutani inakuja kuikata barabara. Korongo lililokuwa na ukingo mzuri wa kushukia mwezi uliopita unaweza kulikuta limeliwa na maji, limebaki na kidato cha nusu mita. Jingine limejaa mchanga mkavu unaoonekana mgumu kwa macho. Baya zaidi ni kwamba maji huweza kushuka wakati kichwani kwako jua linawaka, kwa kuwa mvua imenyesha mlimani na si hapo uliposimama.

Watu wa Arusha hatuhitaji kuelezwa sana habari hiyo. Makorongo yanayotoka Meru yanakatiza katikati ya makazi yetu, na Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji korongoni hapa hapa jijini, watoto wakapoteza maisha. Hapo ni mjini, watu wako jirani na simu zinashika. Njia ya Engare Sero ina vipande virefu ambavyo simu haishiki mtandao, na gari linalofuata nyuma yako huenda likapita baada ya saa nyingi. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "korongo dogo tu, tutapita", moyo wangu hautulii.

Mtazame dereva anayeijua njia ile akifika korongoni. Anasimama mbali na ukingo, anazima injini, anashuka, anavuka kwa miguu mpaka ng'ambo. Anagandamiza kisigino mchangani aone kinazama kiasi gani. Anasoma alama za tairi za aliyetangulia: zimechimba, au zimepita juu juu? Anakagua upande wa kutokea kabla ya upande wa kuingilia, maana kushuka kila gari linaweza. Akiridhika anapunguza upepo wa tairi, tuseme kutoka PSI 35 hadi 20, ili tairi litandae na kukanyaga eneo kubwa zaidi la mchanga. Anaweka gia nzito, anaingia kwa mwendo mmoja, hasimami katikati, hakanyagi mafuta kwa pupa. Akishavuka anajaza upepo tena kwa pampu inayotumia betri ya gari, kabla ya kukimbia, kwa sababu tairi legevu kwenye mawe ya Engaruka huchanika ubavuni, na ubavu ukichanika hakuna wa kukuzibia pancha. Akiona hapafai, anarudi nyuma na kutafuta njia ya pembeni, au anamuuliza mchungaji anayepita na ng'ombe maji yalipita lini.

Kazi yote hiyo inaweza kuchukua dakika 20, na unapomlipa dereva wa njia ile, hiyo ndiyo unayoinunua. Gari zuri unaweza kukodi popote. Uzoefu wa kukataa kuvuka hauji na funguo.

Majivu nayo yana tabia zake. Lengai ina urefu wa mita 2,962, na ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kabonati, yenye joto la chini kuliko lava nyingine na inayogeuka nyeupe ndani ya muda mfupi. Ililipuka kwa nguvu kati ya 2007 na 2008, na kabla ya hapo ilishamwaga majivu mara nyingi kwenye tambarare zile. Barabarani majivu hayo ni laini kama unga wa sembe. Yanafunika mashimo ukayaona kama barabara iliyonyooka, yanaziba chujio la hewa, na yakiongozana magari mawili karibu karibu, dereva wa nyuma haoni kitu. Mwachie aliyetangulia nafasi mpaka vumbi lake litulie, na jioni lipigepige chujio lako. Upande wa Oldupai, mchanga mweusi uliotokana na majivu ya mlima huo huo umejikusanya kuwa kilima kinachohama na upepo, wastani wa takriban mita 17 kwa mwaka.

Mtego wa tatu uko ziwani penyewe, na huu huwanasa hata wenye magari makubwa. Ukingo wa Natron una tabaka jeupe la magadi lililokauka, limepasuka vipande vipande, linapendeza kwa picha. Chini yake kuna tope zito. Tabaka linabeba mtu, linabeba mbuzi, na linabeba gari kwa mita kadhaa za kwanza, ndiyo maana dereva anaendelea. Likivunjika, gari linalala kwa tumbo, na mlango hauna pa kufungukia. Kulitoa kunahitaji gari jingine lenye kamba ndefu lililosimama kwenye ardhi ngumu, mabeleshi, mbao za kuweka chini ya jeki, na watu wa kijijini ambao watastahili kulipwa. Acha gari mbali, tembea. Ni eneo la mazalia makuu ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki, na kishindo cha injini hakiwasaidii.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijamsikia mtu akilitaja gereji, nalo kwangu lina uzito kuliko tairi na springi. Wengi wanaokwenda Engare Sero wanataka kupanda Lengai. Mlima ule hupandwa usiku, watu hutoka kambini karibu na saa sita, ili wafike kileleni alfajiri na washuke kabla mwamba haujawaka kwa jua. Ni mwinuko mkali, takriban saa tano au sita za kupanda, na kushuka kunayamaliza magoti. Saa nne au tano asubuhi mnarudi kambini. Jumapili hiyo hiyo mnataka kurudi Arusha kwa sababu Jumatatu ni kazi. Jiulize: nani atashika usukani? Mtu aliyeamka Jumamosi asubuhi, akaendesha njia nzima, akapanda mlima usiku kucha, sasa avuke makorongo yale yale na kumalizia na lami ya Makuyuni yenye mabasi na malori. Usingizi utamkamata kwenye lami, mahali ambapo barabara imekuwa rahisi. Dereva wa kulipwa alilala wakati nyinyi mnapanda. Kama kikundi chenu kinapanda Lengai na hamna siku ya ziada ya kulala, chukueni dereva. Hapa sina maoni mawili.

Kwa wasiopanda mlima, kuna nafasi kubwa ya kujiendesha, na sipendi kumtisha mtu asitembee nchini kwake. Hifadhi ya Arusha, kupitia lango la Ngongongare mpaka maziwa ya Momella, ni mahali pazuri pa kuanzia: gari lenye kimo cha kutosha linatembea vizuri kiangazi, na jioni uko nyumbani. Tarangire na Ziwa Manyara hali kadhalika, ukibaki kwenye barabara kuu za hifadhi. Ngorongoro mambo yanabadilika: kushuka kreta lazima gari liwe la kuendesha magurudumu yote manne, unashukia Seneto na kupandia Lerai, na ile miteremko si ya mtu anayejifunzia breki siku hiyo. Halafu ada ya kushuka kreta hutozwa kwa gari, kwa hiyo watu wawili kwenye gari lao wanabeba mzigo ambao wangegawana saba. Hapo hata hesabu ya pesa inageuka.

Wapo wanaoleta mfano wa Namibia, ambako wageni hukodi gari lenye hema juu ya paa na kuzunguka jangwa zima bila mwongozaji. Ni kweli, na inafaa kule: barabara za changarawe zinachongwa mara kwa mara, zina vibao, na nyingi hazikatizwi na makorongo ya mlimani namna yetu. Mfano wa Oman uko karibu zaidi nasi. Ndugu zetu walioko Muscat wanajua kwamba chini ya Jabal al-Akhdar kuna kizuizi cha polisi kinachokagua kama gari lina nguvu ya magurudumu manne. Lisilo nayo halipandi. Pale Engaruka utakutana na vizuizi pia, lakini ni vya ushuru. Utalipa, utapewa risiti, itunze mpaka urudi. Gari lako hakuna atakayelikagua.

Ipo njia ya kati, nami ndiyo ninayowashauri jirani zangu. Endesha gari lako, lakini mpakie kijana wa njia ile kutoka Mto wa Mbu au Engaruka, akae kiti cha mbele, na mkubaliane kwamba akisema simama, unasimama. Nendeni magari mawili, angalau moja likiwa na gia nzito na kamba ya kuvutia. Spea tairi mbili kwa kila gari. Mafuta mjaze Mto wa Mbu, maana mbele yake utayakuta kwenye madumu kwa bei ya mwenye dumu. Kule Engare Sero utahitaji mwenyeji hata hivyo: korongo la maporomoko linapitwa kwa miguu, ndani ya maji, kati ya kuta ndefu za mwamba, na nyayo za binadamu wa kale zilizohifadhiwa kwenye majivu, zaidi ya 400, huonyeshwa na watu wa kijiji. Pesa unayowapa inabaki pale pale.

Ukichagua kampuni, uliza kwanza leseni ya biashara ya utalii inayotolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii, kisha waulize mambo ambayo hayako kwenye karatasi. Dereva atakayetupeleka ni nani, na mara ya mwisho alipita Engaruka lini? Dereva wa Serengeti aliyebobea anaweza kuwa mgeni kabisa kwenye makorongo. Gari ni lenu au mmelikodi kwa mwingine? Likiharibika, gari la pili linatoka wapi na linachukua saa ngapi? Dereva analala wapi na anakula nini? Swali hili la mwisho wengine huliona dogo. Lakini yupo anayeachwa alale kwenye kiti cha gari ili bei ishuke, na huyo ndiye mtakayemkabidhi roho zenu Jumapili.

Ukikodi gari la kuendesha mwenyewe, soma mkataba ukiwa umekaa, usiusome ukiwa umesimama mlangoni na begi mkononi. "Lina bima kubwa" ni maneno yasiyotosha. Mikataba mingi inatoa nje tairi, vioo, sehemu za chini ya gari na uharibifu wa maji, yaani vitu vyote ambavyo njia ya Natron inavishambulia. Uliza kama wanaruhusu gari kupita Mto wa Mbu kuelekea kaskazini, na jibu liandikwe. Kisha washa gari mbele yao, weka gia nzito, sogea mbele na nyuma. Teremsha spea tairi uikague. Piga jeki inyanyue kweli. Nimeona jeki ya gari dogo imewekwa kwenye Land Cruiser, na ilikuwa imepakwa rangi mpya.

Siku moja kabla ya kuondoka, piga simu kwa mtu aliyeko Engaruka, mwenye kambi au mwenye duka, umuulize kama mvua imenyesha juu mlimani na korongo gani limekatika. Akikwambia subirini siku mbili, ahirisheni, na mjulisheni wa kambini mapema asiwapikie.