Mji wa Visiwa: Kwa Nini Njia ya Baiskeli Haikufikishi Kazini

Msomaji mmoja wa Sinza ametuandikia. Kazi yake iko Kariakoo, umbali usiofika kilomita 10, na baiskeli anayo. Hata hivyo kila asubuhi anagombea daladala. "Mitaa ya kwetu imetulia," anasema, "na Barabara ya Morogoro imewekewa njia ya baiskeli. Mbona bado naogopa?"

Faida za baiskeli nitaziruka. Afya, moshi na nauli kila mtu anazijua. Kofia na breki nazo zina siku yake. Leo nataka tuingie moja kwa moja kwenye hesabu ya mtandao, kwa sababu ndiyo inayomjibu msomaji wetu, na kwa kweli ni hesabu tamu.

Mwaka 2012 watafiti watatu, Maaza Mekuria, Peter Furth na Hilary Nixon, walitoa utafiti kuhusu mji wa San José, California. Waliipima kila barabara ya mji ule kwa jicho la mwendesha baiskeli: magari yanakwenda kwa mwendo gani, yana njia ngapi, baiskeli imeachiwa nafasi kiasi gani, na makutano yanavukwaje. Kisha kila kipande cha barabara kikawekwa katika ngazi moja kati ya nne. Ngazi ya kwanza hata mtoto anapita. Ya pili watu wazima wengi wanaivumilia. Ya tatu na ya nne ni za wachache wenye roho ngumu.

Ngazi hizo nimezihangaikia jina. "Msongo" lilikuja la kwanza, lakini msongo wa barabarani utaeleweka kuwa ni foleni, na foleni iliyosimama haimtishi mwendesha baiskeli. Kinachomtisha ni gari linalokimbia. "Hofu" nalo ni zito mno kwa mtaa ambao mtoto anapita akiimba. Nimetulia kwenye "ngazi za wasiwasi", kwa kuwa wasiwasi unaweza kuwa mdogo au mkubwa bila kupoteza jina lake.

Kanuni kuu ya watafiti hao ni fupi: safari nzima inahesabiwa kwa ngazi ya kipande chake kibaya kuliko vyote. Hapa hakuna wastani. Ukipita mitaa tulivu kwa dakika ishirini, halafu ukalazimika kuvuka makutano ya kutisha kwa nusu dakika, safari yako ni ya kutisha. Mzazi anayemkataza mwanawe kwenda shule kwa baiskeli anaijua kanuni hii bila kufundishwa.

Watafiti wale wakaifuta kwenye ramani kila barabara ya ngazi ya tatu na ya nne. Kilichobaki kilikuwa visiwa: vitongoji tulivu, kila kimoja kimezungukwa na barabara kubwa kama bahari.

Itazame Dar es Salaam hivyo hivyo. Sinza ni kisiwa. Magomeni ni kisiwa. Mwananyamala na Ilala ni visiwa. Kati ya visiwa hivi inapita mikondo mikali: barabara za Shekilango, Kawawa, Mandela, na Morogoro yenyewe. Bonde la Msimbazi ni mkondo wa maji kweli, na anayetoka Magomeni kwenda Kariakoo analivuka pale Jangwani, ambapo mvua kubwa imefunga barabara mara nyingi. Mwenye kuishi kisiwani anaweza kuwekewa lami safi hadi ufukweni, taa zikawaka na miti ikapandwa, lakini kama hana chombo, ng'ambo ataitazama tu kwa macho. Na chombo chenyewe kikiwa kibovu, watavuka manahodha wachache waliozoea mawimbi, kama wale wachuuzi wanaobeba samaki wa soko la Feri kwenye baiskeli alfajiri. Wengine wote watabaki pwani. Mji ukitaka watu wasafiri kati ya visiwa, fedha ya kwanza iende kwenye vivuko.

Huko San José watafiti walipohesabu safari za kwenda kazini zisizozidi kilomita 10 hivi, walikuta ni asilimia 4.7 tu zinazoweza kufanyika bila kupanda juu ya ngazi ya pili, na bila kuzunguka zaidi ya robo ya njia iliyo fupi. Mitaa tulivu ilikuwepo tele, ila haikuonana. Wakapanga maboresho ya kilomita 51 hivi, wakiyaelekeza hasa mahali visiwa vinapokatika. Kwa hesabu yao, safari zinazowezekana zingekaribia kuongezeka mara tatu.

Kwa nini kazi ndogo hivyo ilete matokeo makubwa kiasi hicho? Chukua kalamu. Tuseme mji una visiwa vitatu, kila kimoja kina nyumba, maduka na ofisi 100 kwa jumla. Ndani ya kisiwa kimoja, jozi za mahali pawili unapoweza kwenda ni 4,950. Visiwa vitatu vilivyotengana vina jozi 14,850. Jenga kivuko kimoja, uunganishe viwili: jozi zinapanda hadi 24,850. Umepata 10,000. Sasa jenga cha pili, kwa gharama ile ile, uunganishe na cha tatu: jozi zinafika 44,850. Hiki cha pili kimeleta 20,000. Kazi ni ile ile, faida imekuwa maradufu, kwa sababu kivuko kipya kinafungua visiwa vyote vilivyokwisha kuunganishwa kabla yake.

Hapo ndipo mipango mingi inapokosewa. Njia ya kwanza ya baiskeli hujengwa peke yake, watu hawaonekani, viongozi wanasema wananchi hawataki baiskeli, na mradi unaishia hapo. Kumbe waliacha kabla hesabu haijaanza kulipa. Seville, Hispania, hawakuacha. Kati ya mwaka 2006 na 2010 walijenga mtandao uliounganika wa zaidi ya kilomita 100, na safari za baiskeli zikapanda mara kadhaa.

Kivuko chenyewe kinafanywaje? Simama ukingoni mwa barabara ya pande mbili isiyo na taa, mkono mmoja kwenye usukani. Unasubiri mwanya upande wa kulia na mwanya upande wa kushoto, na yote miwili ije kwa pamoja. Tuseme kila upande una mwanya wa kutosha kwa theluthi ya muda. Miwili kukutana ni theluthi ya theluthi, yaani sehemu moja ya tisa. Mtu anachoka, anajitosa. Weka jukwaa dogo la zege katikati, lenye upana wa kutosha baiskeli nzima, na sasa anavuka nusu, anapumzika, anavuka nusu nyingine. Kila upande anasubiri theluthi yake tu. Zege kidogo limefanya kazi hiyo yote. Penye njia nyingi zaidi za magari, weka taa. Penye mwendo mkali, punguza mwendo.

Basi jibu la msomaji wetu ni hili. Njia zilizojengwa pamoja na mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ni mwanzo wa maana sana. Lakini ni uti mmoja. Ili aufikie, lazima atoke Sinza na kuingia barabara kubwa; ili auache, lazima akate magari kuelekea Kariakoo; na katikati kila pikipiki au meza ya biashara iliyokaa juu ya njia inamsukuma arudi kwenye magari. Safari yake inapimwa kwa sehemu hizo, na anaogopa kwa haki.

San José si Dar es Salaam, na wasiwasi si sawasawa na ajali. Hata hivyo vinatoka chungu kimoja: gari la kilomita 50 kwa saa lina nishati karibu mara tatu ya lile la 30.

Kwa hiyo wewe unayesoma, wakija mtaani kwenu kukusanya maoni juu ya mradi wa barabara, usiulize njia ya baiskeli ina kilomita ngapi. Uliza mtoto wa darasa la saba atavukia wapi. Kama hawana jibu, waambie warudi na ramani ya vivuko kwanza.